Leodgar wa Bukene

Mama, shikamoo. Nakimbilia basi la Bukene, nitarudi kesho baada ya mazishi. Maharage yameiva, hayajaungwa. Advera mdogo wangu, fungia kuku mapema, na usitafute shati langu jeupe, nimelivaa.

Shilinde amefariki. Yule niliyesoma naye sekondari, aliyekuwa akighani mashairi yangu kwa sauti ya mbuzi mpaka darasa zima linacheka. Nimemnunia miaka yote hii. Asubuhi mkewe, Minza, alinipigia kunipa habari ya msiba. Mtoto akawa analia hapo karibu, naye akambembeleza: “Leodgar, nyamaza baba.”

Nikamuuliza, Leodgar gani?

“Mwanetu. Shilinde alimpa jina lako. Kwani hakukwambia?”

Hakuniambia! Mtu anakucheka vile, halafu mwanawe anamwita jina lako? Tangu asubuhi najiuliza alikuwa akiwaza nini. Minza anasema nikifika atanieleza.

~~Siendi kumlilia.~~ Advera, usicheke hapo nilipokata.

Mama, nimechukua lile blanketi langu la utotoni. Siwezi kwenda mikono mitupu kwa wajina wangu.

Mwanao,
Leodgar mkubwa