Siagi ya Bi Yamna

Sefrou, 9 Machi 1996

Mjukuu wangu Jilali,

Salamu nyingi. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yamenisusa. Wewe hujambo? Unakula, au huko Tanja unashiba moshi wa pikipiki?

Usishangae mwandiko. Huyu ni mwandishi wa barua wa mlangoni pa posta. Jirani yetu Bi Yamna, aliyeniandikia barua miaka yote, hatusemezani. Siku ile ulipoondoka walikuja wakwe kumposa binti yake Mahjuba. Yamna akaoka biskuti za lozi kwenye oveni yangu. Mama wa kijana akauma moja, akaitema kwenye leso. Uvundo! Watu wakageuka kunitazama mimi, mwenye oveni. Nikaropoka: "Yamna, siagi hii umemkamua punda?" Wanawake wakaangua kicheko. Wageni wakaondoka na sukari yao. Sukari ya posa ikiondoka na wageni, unajua, posa imevunjika.

Sijutii. Siagi mbovu ni siagi mbovu.

Bibi yako

*

Tanja, 2 Aprili 1996

Bibi, shikamoo,

Natumaini magoti yamepoa. Mimi mzima wa mwili tu. Barua hii nimeichana mara tatu.

Siagi haina kosa. Jana yake, ulipokwenda hamamu, nilipaka rangi mafuniko ya injini ya pikipiki yangu pale jikoni. Rangi ile haishiki sawasawa mpaka ipate moto mkali. Nikayatia kwenye oveni yako saa nzima. Nikafungua dirisha, nikanyunyiza maji ya waridi, na wewe kwa mafua yako hukunusa kitu. Alfajiri nikayafunga kwenye injini nikaondoka. Moja lilitoka malengelenge, nikaliacha huko kwako, nimelificha chini ya kitanda.

Naona haya, Bibi. Usinitaje kwa Bi Yamna. Mwambie gesi ilivuja.

Mjukuu wako, Jilali

*

Sefrou, 20 Aprili 1996

Jilali,

Hujambo? Mimi sijui kama sijambo.

Mwandishi alinisomea barua yako kwa sauti, foleni nzima ikasikia. Alipofika kwenye gesi, mzee mmoja akasema, "Huyo kafundwa kwao!" Kwao ni kwangu, mwanangu. Nilijifunika uso kwa ushungi nikatamani ardhi inimeze.

Wewe uliharibu biskuti. Mimi niliharibu mtu. Uongo wa gesi sisemi. Naenda mwenyewe kwa Yamna kabla midomo ya posta haijanitangulia.

Bibi yako

*

Sefrou, 4 Mei 1996

Mjukuu wangu,

Salamu. Magoti yamevimba kwa kutembea. Mwandiko huu unaujua.

Nililitoa funiko lako chini ya kitanda, nikaliweka kwenye ubao wa mkate, nikalifunika kitambaa, nikajitwika. Njiani wananiuliza, "Bibi, umeoka nini leo?" Nikawafunulia kila mmoja. "Hii ndiyo siagi ya Yamna. Nuseni!"

Yamna alifungua mlango, akaangalia, akaufunga. Nikakaa kizingitini mpaka adhana ya alasiri. Akafungua tena. "Ondoka, wewe mwanamke, utanipatia lawama ukifa hapa." Nikamwambia, "Sina miguu ya kuondokea. Nilikusingizia mbele ya watu."

Akavaa jilbabu, akanishika mkono, tukaenda wote kwa mama wa kijana. Yule akanusa funiko, akakunja uso: "Ndiyo hii hasa!" Sukari bado haijarudi kwa Yamna. Amesema atafikiri. Mahjuba hanisalimii, na ana haki.

Oveni nimeiuza kwa muuza vyuma. Naoka kwenye tanuri la mtaa kama zamani. Uje mwenyewe, usimame mbele ya Mahjuba, useme kwa mdomo wako. Pikipiki iache huko.

Hapa nilimwambia Yamna aandike kwamba namwomba radhi. Amekataa. Anasema neno hilo alishalisikia pale kizingitini, hataki kuliandika kwa mkono wake. Basi hapa chini ameacha nafasi tupu. Ujue ni neno hilo.



Bibi yako