Figo Niliyomuahidi Deo

Jumatatu, 2 Machi
Milango miwili ya chuma imeisha mbele ya saa sita. Kazi safi. Mchana nimemwambia Deo: nitakupa figo moja. Mudogo wangu akalia. Figo zake zimekufa, mashine ndiyo inamusafishia damu, na amechoka. Mimi niko na nguvu. Mungu alinipa mbili.

Alhamisi, 5 Machi
Vipimo. Daktari, maman mupole, amepima tansio yangu, presha ya damu, akapima tena. Iko juu. Nikacheka: ni vilima vya Bagira, nimekuja kwa miguu. Hakucheka. Damu yangu imetumwa Kigali. Sina shaka.

Jumatano, 18 Machi
Majibu. Homosisteini iko juu sana. Sijawahi kusikia hilo neno. Daktari ameeleza: mwili unaitengeneza kutoka proteini tunazokula. Foleti na vitamini B12 ndizo zinaipunguza. Zikikosekana, inajaa ndani ya damu, na mishipa inaweza kuumia. Figo zangu nazo zimeanza kuchoka.
"Nini ilitangulia, figo ao hiyo homosisteini?"
"Papa, sijui. Figo ikichoka, nayo inapanda. Ila figo yako siwezi kuitoa."
Nimekasirika. Mimi, mugonjwa!

Alhamisi, 19 Machi
Nimemwambia Deo. Niliogopa uso wake kuliko ugonjwa wangu. Akasema: "Yaya, wewe mukubwa wangu, ungenipa, tungekuwa wawili kwenye mashine." Kasiksi, pombe yangu ya ndizi, nimeacha leo. Dawa nameza. Hii nitaishinda.

Jumapili, 22 Machi
Sifa, dada yetu, amefika na boti kutoka Idjwi. Hakuna aliyemwita. "Munipime mimi." Nilikataa. Ana watoto. Akaniangalia: "Wewe ulitaka kutoa yako bila kuniuliza." Kesho nitamupeleka kwa daktari.

Jumanne, 12 Mei
Sifa anafaa! Figo nzima, tansio nzuri. Nimefurahi na nimeona wivu, yote pamoja.
Yangu: homosisteini imeshuka kwa vitamini, tansio kwa dawa zake. Figo ziko palepale. Daktari hakuahidi kwamba vitamini zitaziponya. Sawa. Zilizobaki nitazilinda.

Jumamosi, 6 Juni
Wameondoka asubuhi, Deo na Sifa, kufanyiwa upasuaji inchi ya mbali. Deo alinishika mukono. Watoto wa Sifa wamebaki kwangu. Kelele nyumba nzima. Mudogo kabisa amelala juu ya goti langu. Muguu umekufa ganzi. Sisimami kwanza.