Pombe ya ndizi mu nywele ya Orlane

Apana Fortunat, mujukuu yangu Orlane hakulewa! Nywele ndio ilikunywa.

Sikia. Mu barabara ni vita, malori haipite, shampoo hakuna mu mutaa yetu ya Jabe yote. Orlane analia, mama ya muchumba wake anakuja kumuona leo. Mi nikamuosha na pombe ya ndizi, vile mama yangu alikuwa anafanyaka.

Nywele ikang'aa, mzee! Ikang'aa!

Sasa ule mama ya muchumba, mutu ya kanisa, hagusi pombe, anafika, anamukumbatia Orlane. Ananusa. «Huyu mutoto analewa?»

Eti analewa! Nikasema: «Apana mama, ni kichwa tu nilimuosha na pombe!» Akanusa tena. Nikajua ndoa imekufa.

Halafu akafungua kitambaa yake. Nywele kavu kama nyasi! «Baba, imebaki kidogo? Ya kichwa.»

Tukakaa wote, tukakula ndagala, tusamaki twa ziwa, mbele saa ya couvre-feu ifungie watu mu nyumba.