Marehemu wa Dirisha la Pili

Jumatatu, 2 Juni 1952

Mchwa! Nimefukua kopo chini ya kitanda – kifuniko kimeliwa na kutu, noti zimekuwa unga. Si zote. Theluthi hivi. Flavia kacheka. Mke wa ndoa ya kanisani, anacheka mumewe kufilisiwa na wadudu! Kasema angalau hao wameshiba, maana yeye kila akiomba naambiwa hakuna. Nimewamwagia mchwa maji ya moto, wamekufa wengi, nikajisikia nafuu.

Miaka kumi na mmoja nanunua nta kwa warina asali wa Sikonge, naiyeyusha, namuuzia Mhindi wa stesheni. Fedha yote hiyo naiweka ardhini. Basi! Wiki hii inakwenda mahali pa watu.

Jumatano, 4 Juni 1952

Nimezunguka mji mzima kwa miguu. Posta ni wapole, wana kitabu cha akiba, wanatoa riba. Lakini ukitaka kitita unaandika barua, unangoja jibu toka Dar es Salaam. Mrina asali hangoji barua. Raymundi, mnunuzi mwenzangu – adui yangu, niseme ukweli – anafika na baiskeli, fedha mkononi, na nta imeondoka.

Benki ya Wazungu ina madirisha mawili. La kwanza ni la Wazungu na Wahindi wenye magari, la pili letu. Karani ni Mgoa mwenye miwani. Kanieleza huku anakata kucha. Kuna akaunti ya akiba, ina riba, kutoa ni mpaka utoe notisi. Kuna ya cheki, haina riba, na kitabu chenyewe unakatwa ada, ila unachukua siku hiyo hiyo. Na Mhindi wa stesheni siku hizi analipa kwa cheki tu.

Naelekea kwenye ya cheki. Flavia anasema nataka kitabu cha kumringia Raymundi. Hilo pia ni kweli.

Jumamosi, 7 Juni 1952

Nimefungua! Ya cheki. Walitaka mdhamini anayejulikana pale. Nimemchukua Saidi, fundi cherehani wa barazani, maana suruali za karani anashona yeye. Hajui kuandika, kaweka dole gumba. Mimi nikatia sahihi. Nilitaka iwe ya mtu mkubwa, nikaizungusha mikia mitatu na kistari chini. Karani kainua nyusi. Saidi kasema kwa sauti benki nzima isikie: "Babu yake alibeba pembe kichwani mpaka pwani kwetu, akalazwa nje na punda. Leo mjukuu ana cheki!"

Nimecheka. Ningefanyaje? Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi, tu watani tangu enzi za misafara. Mtani hakasirikiwi. Lakini karani alicheka pia, na karani si mtani wangu. Hilo Saidi atanilipa.

Jumanne, 10 Juni 1952

Nimelipa kisasi. Saidi anakohoa tangu masika, mashavu yamebonyea. Nimenunua yadi saba za bafta nyeupe, nikamtupia juu ya cherehani mbele ya wateja wake. Nikamwambia: "Jishonee sanda mwenyewe, mtani, mafundi wengine watatuibia kitambaa." Watu walicheka hadi machozi. Batuli mkewe ndiye hakucheka, alikiokota kile kitambaa akakikunja. Saidi alikohoa kwanza, kisha akasema nitaona, nitamtangulia.

Siku nzuri. Fedha zote ziko benki, Alhamisi ya wiki ijayo ni mnada wa nta Sikonge. Nikikosa huo, msimu wote ni wa Raymundi na mimi nimekwisha.

Ijumaa, 13 Juni 1952

Nimekufa.

Nimekwenda dirisha la pili na cheki yangu ya kwanza. Karani kaitazama, kanitazama, kaenda kwa Meneja. Karudi kasema mwenye akaunti ni marehemu. Alifariki Jumatano. Habari kaileta mdhamini mwenyewe, analia, kofia mkononi!

Saidi! Analia! Pale kwetu angesema hivyo mtu angemjibu "na wewe tutakuzika naye," kwisha. Lakini Mgoa atajuaje utani? Kaandika. Mzungu katia mhuri.

Nikasema mimi ndiye huyu, nipo, napumua. Wakaniambia nitie sahihi. Mikia mitatu – nikapata miwili, wa tatu ukaenda mrama. Nikarudia, mbaya zaidi. Karani kaweka zote mbili kando ya ile ya Jumamosi. Ananifikiria mwizi anayemwibia maiti.

Jumamosi, 14 Juni 1952

Nimemkuta Saidi barazani. Kaniona tu kaanza kupiga mayowe: "Mzimu! Mzimu wa mpagazi!" Kisha akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akatema kitu kwenye kitambaa akakificha. Kasema alidhani wangenicheka siku moja, yaishe. Hakujua wangeandika. Nilipomwambia akaunti imefungwa na mnada ni Alhamisi, uso ukamshuka. Kasema kwa upole, jambo ambalo hajawahi kunifanyia, "Jumatatu asubuhi twende wote, mtani. Nitakufufua."

Ningempiga kofi. Mila haikubali. Nilitabasamu mpaka taya likauma.

Flavia kauliza kama nimekufa, yeye sasa ni mjane? Maana kuna fundi mwashi pale Gongoni anamsalimia vizuri. Anadhani ni mzaha huyu.

Jumatatu, 16 Juni 1952

Nimesimama mlangoni benki toka saa mbili hadi saa sita. Saidi hakuja. Nikaenda kwake kumtukana. Nyumba imefungwa, cherehani imefunikwa. Jirani kasema alitapika damu jana, wamempeleka hospitali, Kitete.

Neno la kwanza lililonijia: na Alhamisi yangu je? Naliandika hapa kwa kuwa hapa hasomi mtu.

Jumanne, 17 Juni 1952

Nimeonana na Meneja mwenyewe. Hakuniambia kaa. Karani anatafsiri. Kifo kimeripotiwa na mdhamini, hivyo mdhamini akifute, au barua ya Bwana DC. Bwana DC yuko safari hadi mwisho wa mwezi. Nikasema niende kwa Padri, ananijua tangu ubatizo. Akasema Padri anashuhudia ubatizo, si fedha.

Nikasema mdhamini kalazwa; karani kanipa karatasi. Imeshachapwa kwamba mimi ni mzima, taarifa ya kifo ifutwe. Saidi aweke dole gumba hapa chini, watalilinganisha na la kwenye faili. Kesho kabla ya saa tisa. Kaniazima na kijibweta cha wino. Kasema nirudishe.

Jumatano, 18 Juni 1952

Naandika wodini. Sina pa kuandikia, nimeweka daftari gotini.

Nimefika saa nne. Saidi hasemi tangu alfajiri. Macho yamefumba nusu, pumzi inakwenda, inasimama, inakwenda. Batuli yuko naye peke yake, hana ndugu huku, ndugu wote wako Kisarawe. Nimempa pole. Kaniambia, "Ahsante shemeji. Jana alikutaja. Alisema mtani wangu lazima aje, nina kazi naye."

Wamemfunika kitambaa cheupe. Nikakitazama vizuri. Ni bafta yangu. Batuli kasema mashuka ya hospitali hayakutosha.

Nilitaka kuondoka, kweli nilitaka. Nikafika mlangoni. Nikaliona lori la Sikonge limeegeshwa ng'ambo, na mle ndani Raymundi kakaa mbele na dereva, anakula muwa. Nikarudi.

Nimeshika mkono wa Saidi. Batuli kaona, machozi yakamtoka, kasema watu wa huku wanasemwa vibaya lakini Mungu akulipe. Nikamwambia, shemeji, midomo yake imekauka, katafute maji. Kainuka mara moja. Kisima kiko mbali, nalijua hilo.

Saa saba na nusu sasa. Karatasi iko juu ya kitanda, kijibweta kiko wazi. Nimegeuza mkono wake kutafuta dole gumba. Halipo! Kalikunja ndani ya ngumi, kafunga vidole vinne juu yake. Hajafumbua macho. Mkono bado una joto. Sijui ni ugonjwa au ndiyo kazi aliyosema anayo na mimi. Kwenye pembe ya mdomo kuna kitu kama anacheka.

Nasikia mitalawanda ya Batuli, viatu vyake vya mbao, tak, tak, huko mwisho wa baraza. Naweka kalamu. Nitavikunjua vidole kimoja kimoja.