Ukungu Kwenye Lenzi ya Shee

Jumanne, 7 Septemba 1948
Kamera imeniponyoka hapa Likoni, lenzi ikapasuka. Na Nyevu dada yangu aolewa Jumamosi! Baba keshatangaza kanisani mpiga picha ni mwanawe. Picha za harusi ya Charo zilitoka nyeupe tupu, nachekwa mpaka leo. Nikiiharibu na hii ya kwetu, basi tena. Nasikia marehemu Shee, mpiga picha wa Mtongwe, kaacha lenzi inayoingia kamera yangu.

Jumatano, 8 Septemba
Mjane, Bi Mwanarusi, yuko edani. Asema nami nyuma ya pazia. Nduguye, Bi Dhahabu, ndiye aliyeniletea lenzi. Shikamoo, marahaba, pole — nikasahau hata nililojia. Lenzi haina mkwaruzo, pete zake zazunguka. Nikaielekeza juani. Ukungu mtupu! Huenda ni kuvu, nayo hutoa nyuzi kama mizizi. Nyuzi sizioni. Halafu naziona. Halafu sizioni. Na kuvu ikishakula kioo haina dawa. Nikaomba nifute kidogo. Bi Mwanarusi akakataa: mpaka kwanza niamue kununua. Nitanunuaje nisichokijua? Kichwa chaniuma.

Alhamisi, 9 Septemba
Sijui. Nyevu kauliza asimame kulia au kushoto. Nikamwambia popote. Kanuna.

Ijumaa, 10 Septemba
Niko barazani kwa Bi Mwanarusi, naandika nikisubiri. Nilipofika nilisema nanunua, potelea mbali. Nikafuta mbele kwa leso — ukungu ukatoka. Leso ikawa ya kahawia. Nikanusa: udi. Kumbe moshi, si kuvu! Nikacheka, nikasema bila shaka walifukizia nguo karibu na kamera.

Kisha Bi Mwanarusi akasema si nguo. Kamera ilikuwa wazi chumbani mle alimovishwa sanda Shee, na udi ule ndio uliofukizia sanda yake. Akauliza kama nimefuta wote. Nikasema bado nyuma, na huko ndiko mzito. Nikaona haya, sikujua nitie wapi ile leso.

Bi Dhahabu akatoka, akaichukua lenzi mkononi mwangu. Ati dadake ataka kufuta huko nyuma mwenyewe, kwa kanga yake. Ameingia nayo. Kanga ikiwa mpya huwa ngumu, kioo kitakwaruzika — nimwambie apitishe taratibu? Nitamwambiaje mtu hivyo? Harusi ni kesho. Nilisimama nibishe hodi, nikamsikia analia, nikaketi. Bado hajatoka.