Kigari cha Watoto Wawili na Hoja Niliyoshinda

Jumapili alasiri, Keumbu. Mwezi wa Novemba.

Mvua imeanza mapema leo, kabla sahani za mchana hazijaoshwa, na inayapiga mabati kwa namna isiyoruhusu watu kuzungumza. Nashukuru. Katika nyumba hii pamesemwa mengi wiki hii, na sehemu kubwa ya hayo nimeyasema mimi.

Nimechoka. Uchovu wa kazi naujua, ule wa kufundisha vipindi mfululizo hadi sauti ikauke. Huo hutibiwa kwa chai na usingizi. Huu wa leo haulali. Mke wangu Kemunto amejinyoosha chumbani, na kando yake yuko Ombati, mwanetu aliyezaliwa mwezi uliopita. Moraa, binti yetu anayekaribia miaka miwili, amesinzia juu ya mapaja yangu, na kila nikijaribu kumhamishia kwenye kochi anakamata shati langu bila kufumbua macho. Mama yangu yuko jikoni anapanga vitu vyake katika kikapu. Kesho asubuhi anarejea kwake Nyamira, kwa sababu majani ya chai hayamsubiri mtu amalize kulea wajukuu.

Kesho asubuhi hiyo hiyo, Mama Awino anataka jibu lake kuhusu kigari.

Mama Awino ni jirani yetu, mwenyeji wa kule ziwani, anayeuza mitumba ya watoto hapa sokoni. Wiki mbili zilizopita alifungua robota akakuta vigari vitatu vya kusukumia watoto, akanipigia simu kabla hajampigia mtu mwingine yeyote. Cha kwanza ni kipana, viti viwili ubavu kwa ubavu. Cha pili ni kirefu, mtoto mkubwa anakaa mbele na mchanga analala nyuma, chini kidogo ya kiti cha mwenzake. Cha tatu ni kidogo, cha mtoto mmoja, kiti chake kinageuka ili mtoto amtazame anayemsukuma. Kemunto alikishika hicho cha tatu, akakigeuza kiti mara moja, akakirudisha.

Nilimwambia kwamba sisi tuna watoto wawili. Kana kwamba habari hiyo angeipata kwangu.

Nikaingia mtandaoni kwa bidii ya mtu anayejiandaa kwa mtihani wa mwisho. Niulize leo kuhusu breki, kuhusu ukubwa wa magurudumu yanayofaa njia ya udongo, kuhusu sababu mtoto mchanga lazima alazwe chali badala ya kuketishwa. Nilijenga hoja ya kukitetea kigari kipana, hoja ninayoamini hata sasa ilikuwa imara: watoto wawili wasafiri bega kwa bega, wakiuona ulimwengu mmoja, asiwepo wa mbele wala wa nyuma. Katika kile kirefu, mdogo anautazama upande wa chini wa kiti cha dada yake safari nzima. Nilimuuliza Kemunto, hiyo ni demokrasia ya aina gani?

Alicheka huku ameshika tumbo. Mimi nilikiona kicheko.

Lazima nieleze jambo hapa. Ombati alizaliwa kwa upasuaji. Kemunto alirudi nyumbani na mshono ambao tulitarajia ungepona upesi kama ulivyopona ule wa uzazi wa Moraa, na baada ya siku za mwanzo hatukuutaja tena. Alitembea, alipika, alitabasamu. Moraa alipomlilia mgongo wake, maana mgongo wa mama ulikuwa makao yake tangu azaliwe, tulimwambia asubiri kidogo. Mtoto wa umri huo hana kidogo. Ana sasa tu. Ndiyo maana tulihitaji kigari: Moraa apate pa kukaa ambapo si mgongo. Nilikijua kisa hicho vizuri kabisa. Kisha nikakisahau katikati ya magurudumu.

Ijumaa jioni nilitangaza kwamba Mama Awino amekubali tukijaribu kile kipana siku ya Sabato, twende nacho kanisani sote, tumwonyeshe Ombati kwa waumini. Mama yangu alikuwa amempakata. Ombati amepewa jina la baba yangu, marehemu, kwa hiyo bibi yake humwita mume wangu, na kumtania anavyotaka.

"Mume wangu hatoki," alisema. "Mume wangu ngozi yake bado ni nyepesi. Utamlaza kwenye hilo gari akiangalia juu, kila mpita njia amchungulie kama ndizi za kuuzwa? Kuna macho ya watu, Baba Moraa."

Alikuwa akizungumzia lile jicho baya ambalo sisi Wagusii tunaliita ebibiriria, linaloaminika kumdhuru mtoto mchanga kwa kumtazama tu. Ninayaandika kwa Kiswahili, lakini yalisemwa kwa Ekegusii, na kwa Ekegusii hayakuwa ya mzaha kama yanavyosomeka hapa.

Ningeweza kunyamaza. Nina shahada, nina vitabu vilivyojaa ukuta mmoja wa sebule hii, na nina udhaifu ambao marafiki wa chuo walikuwa wakinunua soda ili wautazame: hoja mbovu ikipita mbele yangu, siwezi kuiacha ipite. Nilimjibu Mama kwa heshima. Nilimweleza ngozi ya mtoto ni nini, na vipele hutoka wapi. Nilimuuliza kwa nini jicho hilo liwadhuru watoto wa Kisii na kuwaacha wa Kisumu. Alisema, "Basi wasubiri hata mwezi uishe. Huyu na mama yake." Nikamuuliza mwezi una uhusiano gani na macho. Alisema njia ya kwenda kanisani ina utelezi. Nikamwambia magurudumu yale yametengenezwa kwa utelezi.

"Sawa, Mwalimu," alisema mwishowe. Mama yangu huniita Mwalimu anapokuwa amenichoka.

Nilishinda. Nilikwenda kulala nikiwa nimeshinda.

Jana asubuhi jua lilikuwa zuri. Kigari hakikupita getini. Nilikikunja, nikakipitisha, nikakikunjua. Kati ya geti letu na lami kuna kijia kinachopita kando ya migomba ya jirani, chembamba, na katikati yake maji ya mvua yamechimba mfereji. Kigari kipana kilitaka njia mbili, nasi tulikuwa na nusu. Gurudumu moja lilikuwa mferejini na jingine kwenye nyasi. Ombati alilala upande wa juu. Moraa, upande wa chini, alikuwa akijipinda kutazama nyuma alipokuwa mama yake, akilia kwa ile sauti isiyo na pumzi.

Tulipofika barabarani, vijana wa bodaboda walinipokea kwa shangwe.

"Mwalimu! Hiyo inabeba wawili tu?"

"Ongeza mmoja hapo katikati, Mwalimu! Sisi hubeba wanne na mbuzi!"

"Huyo mkubwa amelipa nauli? Mbona analia?"

Niliwapungia mkono. Nilikuwa natafuta jibu, nami nilikuwa nimekaribia kulipata, jibu zuri kuhusu maendeleo na watu wanaoyacheka yakipita, ndiyo maana sikuona kilichokuwa kikitendeka nyuma yangu. Moraa alikuwa amejichomoa katika mkanda. Kemunto aliinama, akamwinua, akamtupia mgongoni kama alivyozoea, akamfunga kwa leso. Nilipogeuka, Moraa alikuwa kimya, shavu lake limebanwa kwenye mgongo wa mama yake. Nilifurahi.

Nakiri kwamba nilifurahi. Nilisema, "Hapo sasa," nikaendelea kusukuma kigari chenye kiti kimoja kitupu.

Kanisani wanawake walimzunguka Ombati. Mama alitandaza kitambaa chake cha kichwa juu ya kifuniko cha kigari, akasimama kando yake wakati wote wa nyimbo, kama askari wa benki. Mara kwa mara alimtazama Kemunto. Nilidhani anasubiri nionekane nimekosea, nami nikawa nangoja apatikane mtu mwenye jicho, ili nithibitishe kwamba hakuna lililotokea.

Lilitokea. Tuliporudi, Kemunto aliingia chumbani na hakutoka. Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, nguo imelowa sehemu ya mshono, maji yenye damu. Hakuwa analia. Alikuwa ameukunja uso kama mtu anayefanya hesabu ngumu.

Leo asubuhi nilikodi gari, tukaenda naye hospitalini Kisii mjini pamoja na mtoto, Mama akabaki na Moraa. Mshono umefunguka sehemu ndogo. Muuguzi aliusafisha, akaufunga, akasema usaha ukionekana turudi upesi, na ukifunguka zaidi utashonwa upya. Kisha aliniangalia mimi badala ya mgonjwa. "Asibebe kitu kizito kuliko huyu mchanga. Umenisikia, Baba? Ndoo, mtoto mkubwa, hata debe la viazi. Mgongo ufungwe duka."

Njiani kurudi nilimwambia Kemunto kwamba Mama atasema ni yale macho. Nilisema kwa uchungu, nikijiandaa tayari. Dereva alikuwa amefungua redio, kwa hiyo Kemunto alinisogelea.

"Baba Moraa, Mama hakuwa anazungumzia macho."

Nilimuuliza alikuwa anazungumzia nini basi.

"Amekuwa akinifulia nguo tangu nirudi kutoka hospitalini. Unadhani hajaona madoa?" Alimfunika Ombati vizuri. "Angekwambiaje? Mimi ni mke wa mwanawe. Aje akwambie wewe habari za tumbo langu?"

Msomaji asiye wa kwetu huenda asielewe uzito wa maneno hayo. Kwetu kuna chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya kati ya mzazi na mwana aliyeoa. Yako mambo ambayo mama hamwambii mwanawe mwanamume, na mwili wa mke wake, hasa pale mtoto alipotokea, ni la kwanza kati ya hayo. Ninaifahamu chinsoni. Ninaweza kuifundisha, nimewahi kuitetea katika ukumbi wa chuo mbele ya watu walioiita ushamba. Lakini iliposimama jikoni kwangu ikiwa imevaa vazi la ebibiriria, ikinisihi nimwache mke wangu nyumbani mwezi uishe, huyu na mama yake, nilibishana na vazi.

Na wewe, nilimuuliza Kemunto, kwa nini hukusema? Alitazama nje. "Ulikuwa umefurahi sana na hicho kigari," alisema.

Nilimpokea Ombati, nikampakata hadi nyumbani.

Nimekaa hapa tangu mchana nikivipima upya vile vigari vitatu, safari hii nikianza na mtu atakayesukuma. Kipana kinamlazimu ainame na kukinyanyua kila geti. Kirefu ni kizito, na katika kijia kile lazima ukikandamize kwa nyuma ili mbele kuinuke, kwa nguvu za tumbo hasa. Kinabaki kile kidogo. Ni chepesi, kinapita getini bila kukunjwa, na Moraa akigeuziwa kiti atamtazama anayemsukuma. Huenda hiyo ndiyo sehemu ya mgongo aliyokuwa akiililia: kujua mama yupo. Mshono ukipona, Ombati atafungwa kwa leso kifuani kwa mama yake, juu zaidi ya kovu, na Moraa atakuwa mbele yao, nyuso zote tatu zikionana. Kemunto aliyaona haya yote kwa kukigeuza kiti mara moja. Kwa sasa nitakisukuma mimi. Wa bodaboda watasema watakalosema.

Hilo la kigari limekwisha, basi. Mama Awino atapata jibu lake.

Lililo gumu liko jikoni, linafunga kikapu. Mama akiondoka kesho, Kemunto atabaki peke yake na watoto wawili hadi nitoke shuleni, na Moraa atamnyooshea mikono, naye atamwinua. Hakuna kigari kitakachozuia hilo. Akibaki Mama, mshono una nafasi. Yupo shemeji yangu kule Nyamira anayeweza kuchuma chai kwa wiki chache, nimeshampigia, amekubali. Kilichobaki ni kumwomba Mama. Nami siwezi kumwomba kwa sababu iliyo ya kweli. Nikimtajia mshono, nitakuwa nimemvua mke wangu nguo mbele ya Mama, na kumvunjia heshima Mama aliyenilinda nayo. Atajifunika uso kwa leso na kuondoka na gari la kwanza.

Kwa hiyo mvua ikipungua nitamlaza Moraa kochini, ashike shati au asishike, nitaingia jikoni, na nitasema, nikiwa na shahada yangu na ukuta wangu wa vitabu, kwamba nimeyafikiria maneno yake ya Ijumaa. Kwamba ni kweli, watu wana macho. Kwamba jana walimtazama mtoto kupita kiasi, nami sikupenda. Kwamba ningeomba akae nasi mpaka mwezi uishe, amlinde mume wake, na mama mtoto asitoke nje kabisa, asije akatazamwa naye.

Sitaongeza neno. Sitasema "ingawa", wala "kwa namna fulani". Nadhani atanitazama kidogo, kisha aanze kuvitoa vitu kikapuni.

Je, nitaweza kushindwa katika hoja hii hadi mwisho, bila kumwonyesha kwamba nimeielewa?