Toleo Nililolirudisha

Jumatatu, 2 Juni
Chai ya tangawizi, vitumbua viwili, matangazo matatu ya vifo. Asubuhi ya kawaida hapa redioni, Raskazone. La Mwalimu Saidi nimeliandika mwenyewe: maziko leo, baada ya sala ya alasiri. Kwenye tovuti yetu hakipandi kitu bila idhini, na mwenye idhini ni mimi. Kanuni niliitunga mimi: aandikaye haidhinishi. Nikaandika, nikaidhinisha. Sentensi ya mwisho ilinifurahisha, nikaisoma kwa sauti: "Hakupandisha sauti, na darasa zima lilinyamaza."

Baadaye Rehema, msaidizi wangu, alileta toleo jipya. Sentensi yangu kaifuta! Mtoto wa juzi anikate mimi? Nikarudisha toleo la kwanza. Mabadiliko mengine sikuyasoma.

Jumanne, 3 Juni
Familia ilikuwa imempigia Rehema: maziko yamewahishwa, ni adhuhuri. Ndivyo alivyoandika. Mimi nikarudisha alasiri.

Mzee Athumani, mdogo wa marehemu, alitoka Mkwaja kwa kutegemea tangazo letu. Nyumbani kila mmoja alidhani mwenzie kampigia simu. Alifika watu wamekwisha kurudi kutoka makaburini. Hakutia hata konzi moja ya udongo kwenye kaburi la kaka yake.

Kwa sababu ya sentensi. Nina aibu, sijui niiweke wapi.

Jumatano, 4 Juni
Meneja alifoka kikaoni. Alimkabili Rehema, kwa kuwa ndiye aliyepokea simu ya familia.

"Nilibadilisha, bosi," Rehema akasema. Kisha akanitazama. Nikatazama kikombe changu.

Historia ya ukurasa inaonyesha kila toleo na jina la aliyeligusa. Hakuna aliyeifungua. Mimi naijua ilipo, nikanyamaza. Mwoga. Mwongo pia, ingawa sikutamka neno.

Kikao kilipokwisha nikaweka toleo la Rehema kimyakimya. Kana kwamba inasaidia.

Alhamisi, 5 Juni
Rehema hajanisalimia. Ana haki.

Ijumaa, 6 Juni
Mzee Athumani kapiga simu redioni. Nikamwamkia shikamoo. Nilijua anataka kulalamika. Wapi!

"Yale maneno kuhusu kaka na darasa lake mmeyaondoa? Maziko sikuyawahi, mwanangu. Nimebaki na hayo tu."

Nikamwahidi nitayarudisha. Mengine sikusema. Hakujua anazungumza na nani. Nilijifungia chooni nikalia, kisha nikanawa na kurudi mezani kama mtu mwema.

Jumamosi, 7 Juni
Njia ya mwongo ni fupi, na yangu nimeichoka. Nimeifungua historia ya ukurasa mbele ya meneja na Rehema. Jina langu pale, wazi. Meneja kaniondolea idhini, kampa Rehema. Sikubisha. Rehema aliguna tu. Nilimwomba radhi, akasema tutaona.

Nikaandika toleo la tatu: sentensi yangu, na adhuhuri. Nikalipeleka kwake. Alilisoma lote, mpaka chini, taratibu. Kisha akaidhinisha. Sentensi kaiacha palepale.

Jumapili, 8 Juni
Nimempigia Mzee Athumani. Nikamwambia maneno ya kaka yake yamerudi. Nikamwambia pia kwa nini saa aliyoisoma siku ile haikuwa yenyewe, na nani aliyeirudisha. Nikataja jina langu.

Kwake jogoo aliwika. Nilisubiri matusi, nilitaka hata anitukane.

"Haya, mwanangu," akasema. "Nimesikia."

Hakupandisha sauti.